Mbona kompyuta ione 'ekerogo' ikose 'ebirogo'?

Nimekuwa nikikusanya masimulizi ya wazee wa Kisii na Nyamira, mengine kwa Ekegusii, mengine kwa Kiswahili, na kuyaweka katika hifadhidata ya PostgreSQL. Programu hiyo ni ya bure, na tangu toleo la 8.3 la mwaka 2008 ina uwezo wa kutafuta neno ndani ya matini nzima.

Siku moja mwanafunzi wangu akatafuta 'ekerogo', yaani kiti. Jibu likawa: hakuna. "Mwalimu, kwani wazee hawa hawakuwa wakiketi?" akaniuliza. Kumbe viti vilikuwamo tele, ila kwa wingi: 'ebirogo'. Kosa lilikuwa langu.

Ukiuliza neno, programu haipekui kila ukurasa upya. Huandaa faharasa mapema, inayoonyesha neno fulani limo katika matini zipi. Kabla ya kuliingiza neno humo, hulipunguza hadi shina. Kanuni za kupunguza zipo kwa Kiingereza, Kifaransa, Kirusi na lugha nyingine kadhaa, lakini si kwa Kiswahili wala Ekegusii. Mimi nilichagua mpangilio sahili, ambao hugeuza tu herufi kubwa kuwa ndogo.

Kuazima kanuni za Kiingereza kusingenifaa. Kiingereza aghalabu hubadilisha mkia wa neno. Lugha zetu hubadilisha kichwa. Tunasema mtu na watu, omonto na abanto. Tena, katika Ekegusii kichwa chenyewe hakitulii: ni ekerogo, lakini egetabu (kitabu), kwa kuwa k ya kiambishi hugeuka g ikifuatwa na silabi inayoanza kwa sauti kama t. Ukiiamuru mashine ikate 'eke' pekee, egetabu itaponyoka.

Basi nilifanya mambo mawili. Kwanza, niliipa programu orodha yangu ya maneno: ebirogo isomwe ekerogo, abanto isomwe omonto. Pili, niliwasha kiendelezi kinacholinganisha vipande vya herufi tatu tatu. Ekerogo na ebirogo zina 'rog' na 'ogo' kwa pamoja, hivyo moja huivuta nyingine.

Orodha ile bado fupi, na anayeweza kuirefusha ni mjuzi wa ngeli, si fundi wa kompyuta peke yake. Tukimwachia fundi, wajukuu watatafuta, wataambiwa hakuna, nao wataamini kwamba wazee hawakusema lolote.