Laptopu Haioni Mutandao? Usikimbilie Kununua Ingine

Pengine jambo hili limekwisha kufika ku nyumba yako. Mutoto iko ku mwaka wa mwisho wa masomo na anapashwa kumaliza kazi yake ya kuandika, ile TFC. Laptopu iko. Simu iko, na mega ziko ndani. Lakini laptopu inakataa kuona mutandao. Simu ya mama inauona, simu ya jirani inauona, laptopu peke yake njo haioni kitu. Fundi wa kwanza anaangalia dakika mbili na kusema: “Baba, hii mashini imekufa, tafuta ingine.” Basi baba anaanza kuhesabu feza za mushahara zenye bado hazijafika.

Mbele ya kutoa hizo feza, soma kwanza ukurasa huu. Mara nyingi mashini haikufa. Kitu kimoja kidogo ndani yake njo kinaleta magumu: kadi ya radio, ile inayoongea na mutandao bila kamba. Kadi hiyo inaweza kuamshwa, inaweza kubadirishwa, ao inaweza kuachwa pale na kitu kingine kifanye kazi yake. Njia hizo zote zinaomba feza kidogo kuliko laptopu ingine.

KADI HIYO NI KITU GANI?

Ni radio ndogo. Radio ya nyumba inapokea tu, lakini hii inapokea na kutuma. Kadi za zamani nyingi zinatumia mawimbi ya gigahezi 2.4. Zile za miaka ya karibuni zinatumia pia gigahezi 5. Mawimbi ya 2.4 yanafika mbali zaidi na kupita ukuta vizuri. Yale ya 5 yanabeba habari kwa mbio zaidi, lakini ukuta wa matofali unayachosha upesi. Kumbuka jambo hilo, litatusaidia mbele kidogo.

Sheria ya kwanza ya namna radio hizo zinaongea ilitolewa mwaka wa 1997, na mbio yake ilikuwa megabiti 2 kwa sekunde. Mwaka wa 1999 ikapanda kufika 11, na jina Wi-Fi likaanza kutumiwa. Wakati ule laptopu nyingi hazikuwa na radio ndani. Mutu alinunua kadi na kuiingiza ku tundu la pembeni ya mashini, na kila mutu aliiona kwa macho. Tangu mwaka wa 2003, Intel ilipotoa Centrino, kadi ikazoea kukaa ndani ya tumbo ya laptopu. Njo maana leo ikiharibika mutu haioni, na anazania kama mashini yote imekwisha.

ULIZA KWANZA, UFUNGUE NYUMA

Munganga muzuri anauliza mugonjwa mbele ya kumukata. Fanya vilevile na laptopu. Kuko maulizo matano.

1. Je, radio imefungwa tu? Laptopu za zamani nyingi ziko na kifungo kidogo pembeni, chenye mutoto anaweza kusukuma bila kujua. Zingine zinafunga radio kwa kifungo chenye picha ya antena ao ya ndege. Angalia kama “hali ya ndege” haikuwashwa.

2. Je, simu inatuma mawimbi ya 5? Kama laptopu inaona mitandao ya majirani lakini haioni ile ya simu yako, pengine kadi yake inajua 2.4 peke yake. Ingia ndani ya simu, fasi ya kugawa koneksio, na uchague gigahezi 2.4. Mashini nyingi zimehukumiwa kufa juu ya jambo hili tu.

3. Je, tarehe ni ya kweli? Batri ndogo inayolinda saa ya mashini ikiisha, laptopu inaamka na tarehe ya miaka mingi nyuma. Hapo inaungana na mutandao, lakini kurasa nyingi zinakataa kufunguka. Tengeneza tarehe, kisha ujaribu tena.

4. Je, piloti iko? Piloti ni programu ndogo inayofundisha mashini namna ya kutumia kadi. Kama mutu alifuta Windows na kuweka ingine, pengine piloti ilipotea. Fungua fasi yenye imeandikwa “Gestionnaire de périphériques.” Ukiona jina la kadi pamoja na alama ya manjano, ao kifaa kisicho na jina, mara nyingi magumu ni ya piloti. Kama hakuna hata alama ya kadi, pengine imelegea, imefungwa ndani ya mipango ya kwanza ya mashini (BIOS), ao imekufa.

5. Je, inaona mutandao ukiwa karibu sana tu? Kama unapashwa kuweka simu juu ya mashini kusudi ionekane, kamba ya antena pengine imetoka fasi yake.

KAMBA YA SIMU INAWEZA KUOKOA WIKI

Wakati unatafuta dawa, kazi ya mutoto isisimame. Chukua kamba ya USB yenye kuchajia simu ya Android, unganisha simu na laptopu, kisha ndani ya simu uwashe kugawa koneksio kwa USB. Laptopu itapata intaneti kupitia kamba, hata kama kadi yake imekufa kabisa. Lakini kamba iwe ile inayopitisha habari; kuko zingine zinazopitisha umeme tu. Njia hiyo njo itakusaidia pia kuleta piloti. Itafute ku ukurasa wa kampuni yenye ilitengeneza laptopu ao kadi. Epuka programu zinazoahidi kuleta “piloti zote bure”: nyingi zinaleta pia virusi na matangazo.

Kuko tena njia ya katikati: kadi ndogo ya USB, kama ukucha wa kidole gumba, yenye unachomeka pembeni bila kufungua mashini. Kwa jamaa nyingi hiyo inatosha. Ubaya wake ni kwamba inachukua tundu moja la USB, inaweza kuvunjika mashini ikiwa ndani ya kikapo, na ile ndogo sana haisikii mbali.

KAMA NI LAZIMA KUBADIRISHA KADI YA NDANI

Hapa usinunue mbele ya kujua mashini yako inapokea kadi ya namna gani. Fungua kwanza, soma jina ku kadi ya zamani, piga picha, na upime kwa rula.

Laptopu nyingi za miaka ya 2006 kufika 2013 zinatumia kadi yenye upana wa milimita 30. Urefu ni karibu milimita 51 kwa kadi nzima, na karibu 27 kwa ile nusu. Tangu 2014 hivi, nyingi zinatumia kadi ya M.2, yenye milimita 22 kwa 30. Moja haiwezi kuingia fasi ya ingine. Na mashini zingine za sasa, hasa zile nyembamba, kadi yao imechomelewa moja kwa moja ku ubao mukubwa. Hizo haziombi turnevisi, zinaomba kadi ya USB.

Kuko mitego miwili. Wa kwanza: modeli kadhaa za zamani za ThinkPad na za HP zinakubali tu kadi zenye ziko ku orodha yao. Ukiweka ingine, mashini inaandika ku ekrani kwamba kadi haina ruhusa, na inasimama pale. Wa pili: kadi za Intel zinazofanana kwa macho hazifanani kwa kazi. AX200 na AX210 zinaingia ku mashini nyingi zenye fasi ya M.2 ya Wi-Fi, lakini AX201 na AX211 zinaomba mashini yenye ubongo wa Intel wa namna yake. Muuzaji akikuambia “zote ni moja,” mwonyeshe namba.

KAZI YENYEWE, POLEPOLE

Zima mashini kabisa, usiilaze tu. Toa kamba ya umeme, kisha toa batri. Kama batri iko ndani, itenganishe na ubao mbele ya kugusa kitu kingine. Fanya hivyo kwa heshima. Batri nyingi za laptopu ziko na kobalti, yale madini yenye watu wa Kolwezi wanajua jasho lake. Ukiitoboa kwa turnevisi inaweza kuwaka moto ndani ya mikono yako. Na ukiona imevimba, usiendelee. Peleka kwa fundi anayejua.

Gusa chuma kikubwa, kwa mufano dirisha la chuma, kusudi umeme wa mwili utoke. Ku Katanga, miezi ya kiangazi yenye hewa kavu, umeme huo unakuwa mwingi. Hausikii kitu, lakini kadi inakufa.

Visi uzipange juu ya karatasi, kila moja ku picha ya fasi yake, kwa sababu zingine ni ndefu. Visi ndefu ikiingia fasi ya fupi inaweza kutoboa ubao. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa utaona kadi, na kamba mbili nyembamba juu yake, mara nyingi moja nyeusi na moja nyeupe. Hizo njo antena. Zinapanda kufika pembeni ya ekrani. Piga picha. Zitoe kwa kuinua sawasawa juu, usivute kwa pembeni. Vichwa vyao vilitengenezwa kufunguliwa na kufungwa karibu mara 30 tu, kwa hiyo usizichezee. Toa visi ya kadi, nayo itainuka yenyewe kidogo, ivute nje.

Mbele ya kuweka mupya, jaribu jambo moja la bure: safisha meno ya kadi ya zamani kwa gome laini ya kufutia kalamu, pangusa vumbi, na uirudishe. Mara zingine ni vumbi ao kulegea tu, na safari inaishia pale.

Kama haikusaidia, ingiza mupya ikiwa imeinama, isukume mupaka meno yaishe ndani, ilaze, funga visi. Rudisha kamba za antena ukifuata alama zenye ziko ku kadi, kila moja mupaka usikie “tik.” Usitumie nguvu ya nyundo; kidole gumba kinatosha. Kisha rudisha batri, funga, na uwashe.

MASHINI IMEWAKA, KAZI HAIJAISHA

Windows 10 na 11 zinajua kadi nyingi zenyewe. Kama haijui, weka ile piloti yenye uliileta kwa kamba ya simu. Ujue pia kwamba musaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Ku mashini ya zamani watu wengine wanaweka Linux, nayo inajua kadi nyingi za Intel bila kuuliza kitu.

Kisha kuko mambo mawili yenye mafundi wengi wanasahau, na yote yanagusa mufuko wako.

La kwanza ni neno la siri. Mutandao wa nyumba ao wa simu ufungwe kwa WPA2 ao WPA3. Ile ya zamani, WEP, watu wa elimu walionyesha namna ya kuivunja tangu mwaka wa 2001. Usiache neno la siri lenye lilitoka ku kiwanda, na usitumie jina la mutoto ao namba ya simu. Unganisha maneno matatu ao mane yasiyo na uhusiano. Mutandao bila mulango ni kama ghala bila kufuli: mega utanunua wewe, na kijia kizima kitakula.

La pili ni kwamba Windows inapenda kuleta mapya yake yenyewe bila kukuuliza, na inaweza kumeza gigabaiti nyingi kwa usiku mumoja. Ndani ya mipango ya mutandao uweke “connexion limitée.” Hapo itapunguza sana tamaa yake. Siku ukifika fasi yenye mutandao wa bure na wa kuaminika, itoe na uache mashini ijitengeneze, kwa sababu mapya hayo njo yanafunga milango kwa wezi.

UKIENDA KWA FUNDI

Si kila baba ao mama ana macho na mikono ya kazi hii, na hakuna haya kumupelekea fundi. Lakini usiende kama kipofu. Andika jina na namba ya kadi yako ku karatasi mbele ya kuacha mashini. Mwambie mambo yenye umekwisha kujaribu. Ukirudi, omba akuonyeshe kadi ya zamani na akurudishie. Jaribu mutandao mbele yake, ukiwa karibu, kisha ukiwa ku chumba kingine. Lipa nyuma ya hapo. Fundi wa kweli hatakasirika; atafurahi kupata mutu anayejua kazi yake ni ya bei.

Na wewe kijana unayejifunza kazi hii, ukikuta mashini ya mujane ambaye kifungo cha pembeni tu njo kilifungwa, mwambie ni kifungo. Omba malipo ya dakika zako, si malipo ya kadi. Kesho atakuletea mtaa muzima.

Basi, laptopu yako ikikataa mutandao, fuata njia kwa utaratibu: kifungo, mawimbi ya simu, tarehe, piloti, kamba ya USB, kadi ya USB, na mwisho kabisa turnevisi. Mutoto atamaliza kazi yake, na feza za laptopu ingine zitabaki kwa unga, kwa minervali na kwa dawa.