Kesi moja, vifungulo vitatu



Wengi wanatuuliza: ninyi wa Klabu ya Uchumi munafanyaka nini mule darasani kila siku ya tano nyuma ya masomo? Wamoja wanasema tunakopesha feza sawa banki lamberti. Wengine wanasema tunakula tu mandazi. Sisi wa darasa la sita, mbele ya kutoka, tunataka kueleza hii kazi, juu wale wanaobaki wasianze tena na makosa yetu.

Wazazi wetu wote wanajua likilimba: watu kumi wanatoa kiasi kimoja kila mwezi, na kila mwezi mmoja wao anakamata yote. Ni kitu kizuri, lakini mwenye zamu ya kumi akigonjwa mwezi wa pili, hana kitu. Na yule wa kwanza, akiisha kukamata yake, anaweza kupotea kabisa. Kwa hiyo tulifuata ile namna mama zetu wanafanya katika MUSO na AVEC. Mwanzo wa AVEC ni inchi ya Niger, kule Maradi, mwaka wa 1991, kwa wanawake wa vijiji. Wengi wao hawakujua kusoma. Hesabu waliishika katika kichwa. Sisi wenye kusoma ekwasio tulisikia haya kidogo.

Kila memba ananunua parti moja mpaka tano kila juma, na parti moja ni franga 200. Mwenye kununua parti tano kwa majuma 30 atakuwa na franga 30,000. Mwenye kununua moja, 6,000. Kupita tano tunakataa, hata baba yako akiwa na magazini mbili. Tukiruhusu, memba mmoja atakuwa bwana wa wengine.

Ndani ya kesi kuko visanduku viwili. Kijani ni cha kukopesha, chekundu ni cha kusaidia: ugonjwa, matanga, kukosa minervali. Juu ya kile cha kijani kulikuwa mabishano makali. Wandugu wamoja walileta Kutoka 22:25, wakasema kuomba faida ni zambi. Wengine wakajibu na Matayo 25, ule mfano wa talanta. Pasta wetu alitusikiliza saa nzima, kiisha akauliza swali moja tu: yule anayekopa, anakopa juu ya njaa ao juu ya biashara? Tangu ile siku, anayekuja na shida anapewa kwa chekundu bila faida. Anayetaka kununua karanga auzishe, anakopa kwa kijani, anarudisha na 5 juu ya 100 kwa mwezi.

Kumbe tofauti na banki lamberti ni kubwa. Kule, ukikopa 10,000 na faida ya nusu kila mwezi, mwezi wa kwanza uko na deni la 15,000. Usipolipa, mwezi wa pili ni 22,500, na wa tatu 33,750. Kwetu deni la 10,000 kwa miezi mitatu linafika 11,500, na faida ile inarudia wanamemba wote wakati wa kugawanya.

Sasa jambo ambalo halitupendezi kuandika. Mwaka jana kesi ilikuwa na kifungulo kimoja, na kesiye alikishika peke yake, juu tulimwamini. Rafiki yake akaomba 40,000, "mpaka siku ya posho tu". Hakuna karatasi. Siku ya posho ikapita, na zingine nyuma yake. Halafu dada yetu mmoja wa darasa la sita akaja kuchukua 26,000 zake, zimalize malipo ya Mtihani wa Leta. Tulipofungua, tulikuta 9,000. Yeye hakulia, alikaa tu kwenye banki, akatuangalia. Tulizunguka nyumba kwa nyumba mpaka usiku. Mwalimu mmoja alitoa iliyobaki katika mshahara wake, na dada akafanya mtihani. Yule mwalimu tulimlipa kidogo kidogo mpaka mwezi wa kumi na mbili. Jina la kesiye hatutaji, tena kosa halikuwa lake peke yake: kila juma tulitia sahihi katika kaye bila kuhesabu feza.

Ndiyo sababu leo kuko kadena tatu. Vifungulo viko kwa watu watatu wa madarasa mbalimbali, na kesi inalala kwa mtu wa nne asiye na kifungulo. Feza inahesabiwa kwa sauti, mbele ya wote.

Wazee wamoja wanakataza watoto wao kuingia, wanasema feza ya karatasi inadanganya. Hawasemi bure. Tarehe 25/12/1979 makaratasi ya zaire 5 na 10 yalikatazwa, na watu wakapewa siku chache tu za kubadilisha. Mwaka wa 1993 zaire mpya moja ikakamata nafasi ya zaire 3,000,000. Mwaka wa 1998 franga moja ikakamata nafasi ya zaire mpya 100,000. Piga hesabu mwenyewe: franga moja ni zaire za zamani 300,000,000,000. Babu aliyeficha zake ndani ya godoro alibaki na godoro. Kwa hiyo hatuachi feza ilale. Ile isiyokopwa, tunanunua nayo kaye kwa katoni mbele ya mwezi wa tisa, wakati bei haijapanda, na tunauzia wanamemba. Dola hatupokei: ikipasuka kidogo tu, sokoni wanaikataa.

Kesi itafunguliwa siku ya tano ya mwisho ya mwezi wa tano, saa nane, katika darasa la nne. Kila memba aje na kaye yake. Wenye deni wako watatu, wanajijua. Kifungulo cha darasa la sita kinatafuta mtu. Anayekitaka aje mbele ya ile siku, tumwonyeshe kaye ya mwaka jana, pamoja na ule ukurasa wa 40,000.