Usonji na maji ya delta: Kumfungia mtoto ndani si ulinzi

Katika vijiji vya delta ya Mto Rufiji, wilayani Kibiti, maji hayako mbali na mlango. Yakijaa, mitumbwi huelea karibu na nyumba. Yakipwa, hubaki tope na mizizi ya mikoko. Mtoto huambiwa mara kumi kwa siku asiende majini. Sasa mfikirie mtoto wa miaka minne ambaye hageuki akiitwa jina lake, hajaanza kusema, na akiyaona maji yanang'aa huyafuata moja kwa moja.

Huyo anaweza kuwa mtoto mwenye usonji, na hofu ya mama yake ina msingi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walichunguza vifo vya watoto wenye usonji walio chini ya miaka 15. Walikuta uwezekano wao wa kufa kwa kuzama ni mara 160 ya ule wa watoto wengine. Utafiti mwingine wa nchini humo, wa mwaka 2012, ulionyesha kuwa karibu nusu ya watoto wenye usonji wa miaka minne na kuendelea waliwahi kutoweka au kujaribu kutoweka mahali walipokuwa salama. Na hao wengi wao hawaishi na mto nyuma ya nyumba.

Ndiyo maana wapo wazazi wanaofunga mlango kwa kufuli, au kumfunga mtoto kamba wanapokwenda kwenye mpunga. Mpita njia ataita ukatili. Mara nyingi ni woga wa mtu aliyeachiwa mzigo peke yake. Lakini kufuli hukata pande mbili: majirani hawamjui mtoto, na siku likisahaulika, anayemwona akielekea ukingoni humwita tu, hajui kwamba hataitika.

Kwa nini akimbie? Watu wazima wenye usonji wameeleza wenyewe. Temple Grandin, profesa wa sayansi ya mifugo nchini Marekani, alichelewa kusema hadi karibu miaka minne. Ameandika kwamba kengele ya shule ilimuumiza masikioni kama mashine ya daktari wa meno ikigusa mshipa. Mtoto wa namna hiyo, ukimpakia kwenye boti ya injini pale Nyamisati katikati ya makelele ya abiria, akiziba masikio na kutaka kuruka, hana kiburi wala pepo. Anakimbia maumivu. Wengine hukimbilia kitu kinachowatuliza, na maji ni mojawapo.

Lawama nazo huchangia kumficha mtoto. Pwani, degedege limehusishwa na dege au shetani kwa muda mrefu, na mtoto akibadilika baada yake, mama huulizwa alikosea wapi. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti mdogo uliofanyika Tanzania. Kati ya watoto 14 waliothibitika kuwa na usonji, watatu walikuwa wakikua vizuri, dalili zikaanza walipopona malaria kali iliyoambatana na homa ya muda mrefu na degedege. Kwa saba, malaria haikuhusika kabisa. Watoto 14 hawatoshi kutoa kanuni, na kwa sehemu kubwa wataalamu wanahusisha usonji na vinasaba. Malezi ya mama hayamo.

La kwanza ni kupima masikio, maana uziwi nao humfanya mtoto asiitike. Mtoto asiyenyoosha kidole kuonyesha kitu akifikisha mwaka na nusu, au aliyeanza kusema kisha akaacha, apelekwe zahanati na kadi yake ya kliniki, mzazi aombe rufaa. Safari ni ndefu na nauli ya boti ni pesa, hivyo mhudumu aambiwe wazi kila kinachoonekana nyumbani, hata kile kinachotia aibu.

Huku rufaa ikisubiriwa, kazi ya kijiji inaweza kuanza leo. Majirani, wavuvi na wenye mitumbwi waonyeshwe mtoto, waambiwe jina lake na kwamba haitiki: wakimwona peke yake wamshike mkono taratibu, wasimpigie kelele. Asipoonekana, maji yatazamwe kwanza, kabla ya kuzunguka nyumba kwa nyumba.

Watafiti wale wa Columbia walishauri pia mtoto afundishwe kuogelea mapema, mara tu anapogundulika. Hapo mjomba au kaka anayejua mto ana faida kuliko daktari. Achague mahali pamoja ambapo wenyeji wanajua hapana mamba, maji yakiwa ya magotini, amshike mtoto muda wote. Siku ya pili amrudishe palepale, kwa utaratibu uleule, kwa kuwa watoto wengi wenye usonji hutulia wanapojua kinachofuata. Huenda wiki ya kwanza ikaisha kwa kulowesha miguu tu.