Kijitabu cha senti 75 kilivyopata wasomaji bila tangazo

Wengi wanaoanza kuandika habari za maisha yao hukata tamaa mapema. Mama anaandika alivyoteseka na sonona baada ya kujifungua. Baba anaandika anavyomlea mtoto mwenye selimundu. Wanawaonyesha ndugu wawili watatu, kisha kimya. Hakuna anayeuliza wala anayesifu, na baada ya wiki chache uandishi unaishia hapo.

Je, mtu asiye na jina wala fedha za kujitangaza anapataje wasomaji? Jibu moja zuri linatoka Boston, Marekani, kwa wanawake kumi na wawili walioandika kuhusu miili yao wenyewe.

Walianza na malalamiko

Mei 1969, wanawake walikutana katika Chuo cha Emmanuel, Boston, kwenye mkutano wa harakati za wanawake. Kikao kimoja, kilichoongozwa na Nancy Miriam Hawley, kilihusu wanawake na miili yao. Waliohudhuria wakaanza kusimulia yaliyowakuta kwa madaktari. Kuna waliouliza maswali wakajibiwa kama watoto, na kuna waliojifungua bila kuelezwa wanachofanyiwa.

Wakati huo, Marekani haikuwa na hata daktari mmoja mwanamke katika kila madaktari kumi. Katika jimbo la Massachusetts, ambako Boston ipo, ilikuwa kosa kisheria kumpa mtu asiye na ndoa njia za uzazi wa mpango. Sheria hiyo ilikuja kutenguliwa na Mahakama ya Juu mwaka 1972.

Kikao kilipokwisha hawakutaka kuachana. Waliendelea kukutana, lengo likiwa kuandaa orodha ya madaktari wazuri wanaomsikiliza mgonjwa. Orodha hiyo iliwashinda. Hapo ndipo walipotambua kwamba wao wenyewe hawaijui miili yao kiasi cha kumuuliza daktari swali la maana.

Wakagawana mada. Kila mmoja alichukua jambo lililomgusa: mimba, kujifungua, hali ya mama baada ya uzazi, magonjwa ya zinaa, uzazi wa mpango. Walisoma vitabu vya udaktari, wakawauliza wauguzi na madaktari waliokuwa tayari kuwasaidia, kisha wakaandika walichokipata na kuongeza yale waliyoyapitia wenyewe.

Wasikilizaji kwanza, wasomaji baadaye

Hawakukimbilia kuchapisha. Waligeuza maandishi yao kuwa kozi kwa wanawake wenzao. Walisoma, wakajadili, na kila aliyehudhuria alikuwa na nafasi ya kusahihisha au kuongeza la kwake. Baadhi ya waliohudhuria nao walikwenda kuifundisha kozi hiyo kwingine.

Kwa hiyo maandishi yalipochapishwa mwaka 1970, tayari kulikuwa na watu wanaoyasubiri. Kilikuwa kijitabu cha kurasa 193, karatasi ya gazeti, kilichobanwa kwa pini na kuuzwa senti 75 za dola. Mwaka uliofuata kilipewa jina jipya, Our Bodies, Ourselves, yaani miili yetu, sisi wenyewe, na bei ikashushwa ili kimfikie na asiye na kipato.

Hakukuwa na matangazo ya kulipia. Aliyekisoma alimpa dada yake, naye akampa mfanyakazi mwenzake. Ndani ya miaka michache nakala zipatazo 250,000 zilikuwa zimeuzwa.

Walipofuatwa na wakubwa

Mafanikio hayo yaliwavuta wachapishaji wakubwa, na ubishi ukazuka. Mchapishaji mdogo aliyeanza nao hakupenda kazi hiyo ipelekwe kwa kampuni ya kibiashara. Baada ya mjadala mrefu, waandishi walikubaliana na kampuni ya Simon & Schuster, na toleo jipya likatoka mwaka 1973.

Lakini hawakwenda mikono mitupu. Waliweka masharti: neno la mwisho kuhusu yaliyomo libaki kwao, na vituo vya afya viuziwe kwa punguzo la asilimia 70. Mapato ya uandishi hayakuingia mifukoni mwao, yalikwenda kwenye kazi za afya ya wanawake.

Barua za wasomaji zilimiminika. Wengine walishukuru, wengine walilalamika kwamba jambo lao limesahauliwa au limeelezwa vibaya. Matoleo yaliyofuata yalirekebishwa kwa kufuata sauti hizo, na mwaka 1987 kikatoka kitabu kingine kwa ajili ya wanawake wenye umri mkubwa. Kitabu cha kwanza kimeuza zaidi ya nakala milioni 4 na kuingia katika lugha zaidi ya 30. Toleo lake la Kifaransa kwa nchi za Afrika liliandaliwa kutoka Senegal.

Mambo ya kuiga

Kwa anayeanza kuandika leo, hata kama anatumia simu tu, yapo mambo matano ya kuchukua kwa wanawake hao.

Kwanza, andika jambo linalokuuma, ambalo watu wengine nao wanalinyamazia. Aliyekuwa akidhani yuko peke yake ndiye atakayesoma hadi mwisho na kumpelekea mwenzake.

Pili, anza na watu unaowafahamu. Wasomee wenzako wa kikoba, majirani au kinamama mnaokutana kliniki. Sikiliza wanapouliza swali, kwa sababu hapo ndipo maelezo yako hayajakamilika.

Tatu, hakikisha unachokisema. Wanawake wa Boston hawakuwa wataalamu wa tiba, ndiyo maana walirudi kwenye vitabu na kwa wauguzi. Ukieleza dawa iliyokusaidia, sema wazi kwamba hayo ni yako, na msomaji aende hospitali apimwe. Msomaji aliyeumia kwa ushauri wako hatarudi, na atawaonya wengine.

Nne, linda siri za wa nyumbani. Habari za ugonjwa wa mtoto au ndoa haziko mikononi mwako peke yako. Zungumza na mwenzi wako kabla ya kuzitoa. Mtoto mwenye umri wa kuelewa naye aulizwe, kwa kuwa maandishi hayo atakutana nayo akiwa mkubwa.

Tano, mjibu anayekuandikia, hata akiwa mmoja. Akikusahihisha na kweli ulikosea, rekebisha na umshukuru mbele ya wengine.

Haya yote yanataka muda. Tangu kikao cha kwanza hadi kijitabu kutoka ulipita zaidi ya mwaka mmoja wa kukutana, kusoma, kuandika na kufuta. Katika muda wote huo, wasomaji wao walikuwa ni wanawake waliokaa nao chumba kimoja. Mwenye wasomaji watano wanaomuuliza maswali ana pa kuanzia, na wiki hii anaweza kuandika jibu la swali mojawapo.