Pointi, milimita na pikseli: namna ya kubadili vipimo vya uchapaji

Kazi ya mwisho wa masomo inayoandikwa Nundu huandaliwa kwenye kompyuta, huchapwa kwa karatasi dukani Baraka, kisha husomwa na wengi kwenye simu. Katika safari hiyo hupitia vipimo vitatu: karatasi hupimwa kwa milimita, herufi kwa pointi, na kioo cha simu kwa pikseli. Sisi wa lugha huitwa mara kwa mara kusahihisha na kupanga maandishi ya wengine, kwa hiyo yatupasa kujua namna ya kuvuka kutoka kipimo kimoja hadi kingine.

Pointi zenye jina moja

Mnamo 1737 Pierre-Simon Fournier, mtengeneza herufi wa Paris, alitangaza mpango wa kupima herufi za risasi kwa pointi. Baadaye, katika miaka ya 1780, François-Ambroise Didot aliifunga pointi na futi ya mfalme wa Ufaransa: pointi moja ikawa sehemu ya 72 ya inchi ya Kifaransa. Inchi hiyo ilikuwa na milimita 27,07, basi pointi ya Didot ina milimita 0,376. Watengeneza herufi wa Marekani walikubaliana mwaka 1886 juu ya pointi yao ya milimita 0,351. Kompyuta za leo hutumia sehemu ya 72 ya inchi ya Kiingereza, yaani milimita 25,4 kugawanya kwa 72: milimita 0,3528.

Pointi 12 za kompyuta hufanya pika moja. Pointi 12 za Didot hufanya sisero moja. Programu kadhaa za kupanga kurasa bado zinatoa vyote viwili, na kosa la kuchagua hutokea hapo.

Tukumbuke pia kwamba pointi haipimi herufi yenyewe. Hupima mwili wa risasi ulioibeba, pamoja na nafasi ya juu na ya chini. Ndiyo maana Verdana ya pointi 11 huonekana kubwa kuliko Times ya pointi 11.

Kanuni

Daraja la vipimo vyote ni inchi.

- Milimita kwenda pointi: gawanya kwa 25,4, kisha zidisha kwa 72.
- Pointi kwenda milimita: gawanya kwa 72, kisha zidisha kwa 25,4.
- Pointi kwenda pikseli za kurasa za wavuti: zidisha kwa 96, gawanya kwa 72. Hivyo pointi 12 ni pikseli 16.

Mfano wa kitabu

Tuseme tunataka kuchapa mkusanyo wa hadithi za Kibembe pamoja na tafsiri ya Kiswahili, kwa karatasi ya A5, yenye milimita 148 kwa 210. Tunaacha pambizo za milimita 18 kushoto na kulia, 20 juu na 22 chini. Maandishi yanabaki na upana wa milimita 112 na urefu wa milimita 168. Urefu huo ni pointi 476. Tukiweka herufi za pointi 11, na pointi 14 kutoka mstari hadi mstari, tunapata mistari 34 kwa ukurasa.

Mtu akiweka 14 hiyo kwa pointi za Didot, kila mstari unachukua milimita 5,26, na ukurasa unabeba mistari 31 tu. Kitabu cha kurasa 100 kinakuwa cha kurasa 110. Anayelipia karatasi analipa kumi za ziada, na yaliyomo yote yanataja kurasa zisizo zake. Akikimbilia kupunguza herufi ili kurasa zirudi 100, wazee waliosimulia hadithi ndio watakaoshindwa kuzisoma.

Picha nazo zina hesabu yake. Kwa kawaida ya uchapaji, nukta 300 kwa inchi, picha ya kujaza upana wa milimita 112 inahitaji pikseli 1 323. Yenye pikseli 720 inatosha milimita 61 tu. Ukiivuta zaidi, itakuwa na ukungu.

Kwenye simu

Kitabu cha kusomwa kwenye simu hakina ukurasa wa kudumu, kwa sababu msomaji hukuza herufi apendavyo. Hapo tunatumia em, ambayo ni sawa na ukubwa wa herufi zinazotumika. Nafasi ya em 1,5 mwanzoni mwa aya ni pointi 16,5 herufi zikiwa za pointi 11. Herufi zikiwa za pikseli 20, ni pikseli 30. Uwiano haubadiliki.

Mkato na nukta

Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunaandika 25,4; wenzetu wa Kigoma, ng'ambo ya ziwa, wanaandika 25.4. Kompyuta iliyowekwa Kifaransa hupokea mkato, lakini maagizo ya mitindo ya kurasa za wavuti hukubali nukta tu. Ukiweka mkato, agizo hilo halifuatwi.

Kwa hiyo tunapomkabidhi mchapaji andiko, kila namba iandikwe pamoja na kipimo chake: milimita 112, pointi 14, em 1,5. Kisha tuombe ukurasa mmoja wa majaribio na kuupima kwa rula kabla ya kuchapa mia.