Mpima Ardhi Aliyetaka Kupima Kila Kitu

Machi 1870, mashariki mwa Uingereza, watu wachache walikusanyika kando ya mfereji unaokwenda maili 6 bila kona. Kilichowakutanisha hapo ni dau. Bwana mmoja aitwaye John Hampden alikuwa ametangaza kwamba yuko tayari kuweka pauni 500 dhidi ya mtu yeyote atakayethibitisha kuwa dunia si bapa. Aliyelipokea dau hilo ni Alfred Russel Wallace, mtaalamu wa viumbe ambaye wakati huo jina lake lilikuwa likitajwa sambamba na la Charles Darwin.

Kabla ya kuwa lolote jingine, Wallace alikuwa mpima ardhi, na jaribio alilolibuni lilikuwa la kipimaji hasa. Kwenye daraja la mwisho alitundika kitambaa cheupe chenye mstari mweusi. Kwenye daraja la kwanza aliweka darubini, kimo kilekile juu ya maji. Katikati, maili 3 kutoka kila upande, akasimamisha nguzo yenye visahani viwili vyekundu, na kile cha juu akakiweka kwenye kimo hichohicho. Kama dunia ni bapa, darubini, kisahani na mstari mweusi vingelingana. Kama ina mbinuko, kisahani cha katikati kingeonekana kimepanda. Wakachungulia, kikawa kimepanda. Mwamuzi, John Henry Walsh, mhariri wa gazeti la The Field, akampa Wallace ushindi.

Hampden hakukubali. Kwa zaidi ya miaka 15 alimwandama Wallace kwa barua na vipeperushi vya matusi, akamwandikia hadi mkewe kumtishia, na akafungwa jela kwa kashfa. Mahakama nayo ikaamua kwamba deni la kamari halidaiwi kisheria, hivyo fedha zikarudi kwa Hampden na Wallace akabaki na gharama za mawakili.

Wenzake walimlaumu kwa kujishusha hadhi kubishana na mtu wa aina hiyo. Lakini ndivyo alivyokuwa. Aliandika vitabu zaidi ya 20 na mamia ya makala: wadudu, ndege, barafu za kale, visiwa, umiliki wa ardhi, haki za wanawake, chanjo, roho za wafu, sayari ya Mirihi. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wallace hakusikia la mkuu maisha yake yote. Mara nyingine alifungua njia ambayo wakuu hawakuiona, mara nyingine guu likavunjika kweli. Ukizisoma insha zake kwa mfululizo, utaanza kuona kilichotenganisha hali hizo mbili.

Alizaliwa 1823 karibu na mji wa Usk, mpakani mwa Wales na Uingereza, katika familia iliyokuwa ikifilisika. Alitoka shule akiwa na miaka 14 hivi, akaenda kujifunza upimaji kwa kaka yake William. Hakuingia chuo kikuu hata siku moja. Mwaka 1848, yeye na rafiki yake Henry Walter Bates walisafiri hadi Amazon wakitegemea kuuza wadudu na ndege watakaowakusanya. Alipokuwa akirudi 1852, meli ilishika moto katikati ya bahari ya Atlantiki. Alikaa siku kumi kwenye mashua akitazama sehemu kubwa ya kazi yake ya miaka minne ikiwa imegeuka majivu. Kilichomwokoa kifedha ni wakala wake wa London, aliyekuwa amekata bima ya mzigo huo.

Mtu mwingine angetafuta kazi ya ofisini. Wallace mwaka 1854 alikuwa Singapore, akianza safari ya miaka minane katika visiwa ambavyo leo ni Malaysia na Indonesia. Alikusanya vielelezo 125,660, na zaidi ya 80,000 kati yake vilikuwa mbawakawa. Hakuvikusanya peke yake. Kijana wa Kimalei kutoka Sarawak aitwaye Ali alianza naye kama mpishi, akajifunza kupiga ndege na kuwachuna ngozi, akawa msaidizi wake mkuu. Siku moja ya mwaka 1858 katika kisiwa cha Bacan, Ali alirudi kutoka porini na ndege mwenye ngao ya manyoya ya kijani kifuani na manyoya meupe marefu yakichomoza mabegani. Wataalamu wa Ulaya hawakuwa wanamjua. Ndege huyo leo ana jina la Wallace, ilhali aliyempata ni Ali.

Mwanzoni mwa mwaka huohuo, katika visiwa vya Maluku kilipo Bacan, asili ya mikarafuu inayolimwa Unguja na Pemba, Wallace alishikwa na homa za vipindi. Akitetemeka chini ya blanketi, alikumbuka kitabu cha Thomas Malthus alichokisoma miaka ya nyuma, kuhusu njaa na maradhi yanavyozuia watu kuongezeka kupita kiasi. Akajiuliza: katika kila kizazi cha wanyama wengi hufa, je, wanaobaki ni akina nani? Jibu lilikuwa uteuzi asilia: wanaobaki ni wale waliozaliwa na tofauti ndogo inayowafaa mahali walipo, na tofauti hiyo huirithisha. Aliandika makala na kuituma kwa Darwin, ambaye alikuwa amelilea wazo hilohilo kwa miaka 20 bila kulichapisha. Tarehe 1 Julai 1858 maandishi ya wote wawili yalisomwa mbele ya chama cha Linnean Society jijini London. Wallace hakuulizwa. Alipopata habari miezi kadhaa baadaye hakulalamika, na kitabu chake cha safari kilichotoka 1869 alikitabaruku kwa Darwin.

Wazo lake lenye sura yake mwenyewe hasa ni lile la ramani. Alivuka kutoka Bali kwenda Lombok, mlango wa bahari wenye upana wa kilomita 20 hadi 40 tu, akaona ndege wamebadilika. Upande wa Bali kulikuwa na gogota na ndege wengine wa Asia. Upande wa Lombok kulikuwa na kakatua weupe na jamaa zao wa Australia. Hali ya hewa ni moja na udongo unafanana. Akaeleza kwamba kinachoamua ni kina cha bahari: visiwa vya magharibi vimekaa juu ya bahari ya kina kifupi na zamani viliungana na bara la Asia, ilhali kuanzia Lombok kwenda mashariki maji marefu hayakuwahi kukauka. Mpaka huo unaitwa Mstari wa Wallace hadi leo.

Wallace hakufika pwani yetu, lakini kanuni yake inafanya kazi hapa vilevile. Unguja iko kilomita 35 hivi kutoka bara, na mkondo unaoitenganisha una kina cha makumi ya mita tu. Bahari ilipokuwa chini zama za barafu, mtu angeweza kutembea kwa miguu kutoka Bagamoyo. Ndiyo maana kisiwa kilikuwa na chui, na kima punju wa Jozani ana binamu zake bara. Pemba iko mbali kidogo zaidi, kilomita 50 hivi, lakini mkondo wake una kina cha mamia ya mita. Chui hawakufika huko. Badala yake kuna popo mkubwa, ninga na bundi mdogo wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Kwenye ramani ya kawaida Unguja na Pemba ni ndugu, ila kwenye ramani ya Wallace zina nasaba tofauti.

Insha zake bora zina tabia moja: humwachia mtu mwingine kazi ya kuzihakiki. Mwaka 1867 Darwin alikuwa akisumbuliwa na viwavi. Alikuwa amesema rangi kali za wanyama hutokana na madume kushindana kupendwa na majike, lakini kiwavi bado hajafikia umri wa kutafuta mwenza. Rangi ya nini basi? Wallace alijibu kwamba kiwavi mwenye rangi kali huenda ni mchungu, na rangi ni onyo kwa ndege asijisumbue kumdonoa. Kisha akawaomba wenye ndege wa kufuga wajaribu. John Jenner Weir alifanya hivyo: viwavi wa kijani na wa kahawia waliliwa, wenye rangi kali wakakataliwa.

Mwaka huohuo aliandika kuhusu okidi ya Madagaska yenye mrija wa nekta wa karibu sentimita 30. Darwin alikuwa ametabiri kuwa lazima yupo nondo mwenye ulimi wa kufika huko chini. Wallace alipima ndimi za nondo waliokuwa katika makumbusho ya London, akamwona mmoja kutoka Amerika Kusini aliyekaribia urefu huo. Akawaambia wasafiri wa Madagaska wamtafute nondo wa aina hiyo kwa uhakika uleule ambao wanafalaki waliitafuta nao sayari ya Neptuni. Nondo huyo alielezwa kitaalamu mwaka 1903, akapewa jina linalotaja utabiri wenyewe. Wallace alikuwa hai kusikia habari hizo.

Sasa tugeukie upande mwingine. Kuanzia 1865 alihudhuria vikao vya kuita roho za wafu, akaamini. Mwaka 1869 alichapisha makala iliyomuumiza Darwin. Alisema uteuzi asilia hauwezi kueleza akili ya binadamu. Nusu ya hoja yake ilikuwa na heshima isiyo ya kawaida kwa zama hizo: kwamba watu ambao Wazungu waliwaita washenzi, aliokula na kulala nao kwa miaka mingi, wana ubongo sawa na wa Mzungu yeyote. Kutoka hapo aliruka hadi kudai kwamba ubongo huo, kwa kuwa unazidi mahitaji ya maisha ya porini, umeletwa na nguvu yenye akili kutoka nje ya maumbile.

Mwaka 1876, Mmarekani Henry Slade alishitakiwa London kwa utapeli. Alidai mizimu huandika kwenye kibao chake. Mwanasayansi Ray Lankester alikinyakua kibao ghafla na kukuta maandishi yapo tayari kabla mzimu haujaulizwa kitu. Wallace alisimama mahakamani kumtetea Slade. Darwin, kwa siri, alichangia pauni 10 upande wa mashitaka. Hata hivyo, Darwin huyohuyo, aliyejua kwamba Wallace hajawahi kupata kazi ya kudumu na anaishi kwa kusahihisha mitihani, alizunguka kutafuta saini hadi serikali ikampa pensheni ya pauni 200 kwa mwaka kuanzia 1881.

Tofauti ya nondo na mzimu iko wapi? Mtu yule ni mmoja, na ushupavu ni uleule. Lakini yeyote angeweza kwenda Madagaska na wavu, akarudi mikono mitupu, na Wallace angekuwa ameshindwa. Katika chumba chenye giza, kila kushindwa kulikuwa na udhuru wake: kikao kilipokwama, ilisemekana mizimu haipendi macho ya wenye shaka.

Suala la chanjo ya ndui ni gumu zaidi, kwa sababu hapo alikuja na takwimu. Sheria ya 1853 ililazimisha watoto kuchanjwa, na faini zilizofuata ziliwaelemea maskini. Wallace alichambua rekodi za vifo na kuonyesha kasoro za kweli: mgonjwa aliyefunikwa na malengelenge mara nyingi aliandikwa hakuchanjwa, kwa sababu tu kovu la chanjo halikuonekana. Kutokana na kasoro hizo alihitimisha, katika kijitabu cha 1898, kwamba chanjo yenyewe ni uzushi. Historia ilimkatalia, na ilimkatalia Afrika Mashariki. Mgonjwa wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merka, pwani ya Somalia, Oktoba 1977. Alikuwa ameikwepa chanjo. Alipona, na katika miaka yake ya baadaye alipita mitaani akihimiza wazazi wawachanje watoto dhidi ya polio. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa ndui imetokomezwa.

Katika siasa alifika mbele ya wakati wake mara kadhaa. Akiwa kijana alipima malisho ya pamoja ya wanakijiji wa Wales ili yagawiwe kwa wenye mashamba makubwa, na uzeeni aliuita mpango huo wizi uliohalalishwa. Mwaka 1881 akawa rais wa chama kilichodai ardhi yote iwe ya taifa, na mkulima alipe kodi ya mwaka huku nyumba, miti na maendelezo mengine yakibaki mali yake. Waingereza wengi waliona ni ndoto. Msomaji wa Tanzania, ambako ardhi ni mali ya umma na Rais ndiye mdhamini wake, hatalishangaa wazo hilo, na anazijua pia shida zake. Wasomi wengine walipoanza kuzungumzia kuzalisha binadamu bora kwa kuwachagulia watu wenza, Wallace alipinga. Mpe mwanamke elimu na kipato chake, aliandika mwaka 1890, kisha mwache achague mwenyewe.

Mwaka 1907, akiwa na miaka 84, alimvaa Percival Lowell, Mmarekani tajiri aliyedai kwamba Mirihi ina mifereji iliyochimbwa na viumbe wenye akili. Wallace alijibu kwa kitabu kizima cha joto, hewa na mvuke: Mirihi ni baridi mno na hewa yake ni nyepesi mno, maji ya kutiririka hayawezi kukaa humo. Vyombo vilivyopelekwa huko miaka ya 1960 vilikuta sayari kavu, baridi, isiyo na mifereji. Alikuwa amekufa tangu Novemba 1913.

Siku hizi, katika simu zetu, kila mtu ana takwimu za kupinga madaktari na kila mtu anaitwa jasiri kwa kuwapinga wakuu. Wallace anatufundisha kwamba ujasiri peke yake hautofautishi aliye sahihi na aliyepotoka, kwa maana yeye alikuwa na ujasiri uleule alipokuwa sahihi na alipopotoka. Mwulize anayekuletea wazo jipya ni tukio gani likitokea atakubali kuwa amekosea. Kuhusu nondo, Wallace alikuwa na jibu. Kuhusu mizimu, hakuwa nalo.