UBONGO WA MTOTO TUMBONI: MAABARA YATUONYESHA NINI?



Akizaliwa mtoto mwenye kichwa kidogo kupita kiasi, watu huanza kutafuta wa kulaumiwa. Wengine husema mama amerogwa, wengine kwamba alivunja mwiko, wengine kwamba ni adhabu ya dhambi. Sisi wauguzi tumeyasikia maneno hayo katika wodi ya wazazi, na tumeona yanavyomwumiza mama. Hata wanafunzi wa Yesu, walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana aliikataa lawama hiyo.

Mwezi huu tunaeleza jinsi wataalamu walivyopata njia mpya ya kutafuta vyanzo vya hali hiyo, ambayo madaktari huiita mikrosefali.

Oganoidi ni nini?

Ubongo wa mtoto hujengeka gizani, tumboni mwa mama, wala hakuna daktari awezaye kuufungua autazame ukikua. Panya wa maabara husaidia, lakini ubongo wao si kama wetu.

Mwaka 2006 Mjapani Shinya Yamanaka alionyesha jambo la ajabu kwa kutumia chembe hai, yaani seli, za ngozi ya panya. Mwaka 2007 ikafanyika hivyo kwa seli za binadamu. Seli za ngozi ya mtu mzima zilirudishwa katika hali ya uchanga, zikaweza tena kugeuka seli za sehemu mbalimbali za mwili. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2012, pamoja na Mwingereza John Gurdon.

Mwaka 2013, mjini Vienna, Austria, Madeline Lancaster, Jürgen Knoblich na wenzao waliotesha seli changa ndani ya matone ya utelezi, wakaziweka katika chombo chenye maji ya virutubisho yanayozungushwa polepole. Seli zikajipanga zenyewe, zikawa donge la milimita 4 hivi, kama punje ya choroko, lenye tabaka zinazofanana na za ubongo wa mimba changa. Donge hilo huitwa oganoidi.

Kisha wakachukua seli za ngozi za mgonjwa mwenye mikrosefali ya kurithi. Oganoidi zake zilibaki ndogo, na sababu ikaonekana. Kwa kawaida seli za mwanzo hujigawa mara nyingi kwanza, ndipo zinapogeuka kuwa seli za neva. Kwa mgonjwa huyu ziligeuka mapema mno, akiba ikaisha. Ni kama familia inayosaga mahindi ya mbegu kabla ya kupanda: unga unapatikana leo, lakini shamba linabaki tupu.

Ugonjwa wenye jina la msitu wetu

Virusi vya Zika viligunduliwa mwaka 1947 kwa kima aliyewekwa katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe, Uganda. Kwa miaka mingi vilihesabiwa kuwa homa nyepesi tu. Mwaka 2015 watoto wengi wenye vichwa vidogo walianza kuzaliwa Brazili. Uvumi ukaenea, hata chanjo zikalaumiwa.

Mwaka 2016 wataalamu wa Rio de Janeiro walitia virusi hivyo katika oganoidi. Baada ya siku 11 zilikuwa ndogo kwa asilimia 40 kuliko zile zisizo na virusi. Virusi vya homa ya dengi, vinavyoenezwa na mbu wa jamii hiyohiyo, havikuleta madhara hayo. Ushahidi huu, pamoja na mwingine kutoka kwa akina mama na watoto wenyewe, ulithibitisha kwamba Zika huharibu ubongo unaojengeka.

Je, Kanisa linasemaje?

Donge hili si mtoto wala si ubongo kamili. Halina mwili, macho wala mishipa ya damu. Swali kubwa ni seli zimetoka wapi. Hati ya Vatikano ya mwaka 2008, Dignitas Personae, yafundisha kwamba ni halali kuchukua seli za mtu mzima bila kumdhuru. Kuua kiinitete ili kupata seli si halali kamwe. Maabara nyingine bado hutumia seli zilizotokana na viinitete, kwa hiyo Mkristo asisifu kila utafiti bila kuuliza.

Sisi tufanye nini?

Oganoidi hazijaleta dawa ya kukuza ubongo uliobaki mdogo. Anayekuuzia tiba hiyo anakudanganya. Lakini yapo ya kufanya:

1. Mjamzito aanze kliniki mapema, apimwe kaswende na kutibiwa.
2. Aache pombe kabisa, maana nayo huharibu ubongo wa mtoto.
3. Watoto wapewe chanjo ya surua na rubela. Rubela ikimpata mjamzito hudhuru mimba.
4. Mbu wa Zika huuma mchana. Tufukie madimbwi, tufunike mapipa, tuondoe makopo na matairi yanayotuama maji. Chandarua kitumike hata kwa usingizi wa mchana.
5. Zika huambukizwa pia kwa tendo la ndoa. Mume aliyetoka mahali penye ugonjwa huo apate ushauri wa daktari kabla ya kumkaribia mkewe mjamzito.

Na mtoto aliyekwisha kuzaliwa hivyo asifichwe ndani. Apelekwe hospitali akapimwe macho, masikio na degedege, na wazazi wafundishwe mazoezi ya viungo. Akina baba, msimwache mama peke yake na mzigo huu. Jumuiya ndogondogo nazo zimtembelee, zimshikie mtoto apate kupumzika, na zimnyamazishe yeyote anayemwita mchawi.